Sura ya Nne: Sentimita Moja ya Dodoma

Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, watumishi walihama na vyombo vyao. Makabati, vitanda, seti za sofa na meza za kulia zilipakiwa kwenye malori Dar es Salaam, zikashushwa kilomita zipatazo 450 kutoka baharini, kwenye hewa nyingine kabisa.

Chukua meza ya paini yenye upana wa mita moja, iliyotengenezwa Dar es Salaam wakati wa masika na kufika Dodoma mwezi wa Agosti. Kwa hewa ya Pwani, hata mbao iliyokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 15 hivi ya uzito wake mkavu. Katika kiangazi cha Dodoma unyevu huo hushuka hadi kwenye asilimia 10. Tofauti hiyo inatosha kupunguza upana wa meza kwa karibu sentimita moja, ingawa urefu wake haupungui hata milimita. Kama fundi aliacha nafasi ya mbao kucheza, hakuna atakayejua. Kama aliibana kwa gundi na misumari kila upande, sentimita hiyo itatafuta pa kutokea: ubao utapasuka katikati, au maungio yataachia usiku kwa mlio unaoamsha nyumba nzima.

Mwenye meza atalaumu lori. Fundi atalaumu mbao. Lakini kosa lilifanyika miezi kadhaa nyuma, siku ile fundi alipokaza skrubu ya mwisho na kuridhika.

Hiyo ndiyo tabu ya useremala. Mpishi akizidisha chumvi hujua kabla chakula hakijapakuliwa. Seremala hupata majibu yake baada ya msimu mzima, wakati mwingine baada ya mteja kuhama mji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kujifunza kazi hii ni kuyaharakisha makosa: kuyafanya mapema, kwenye kipande ambacho hakina mnunuzi.

Maji kwanza

Mti uliotoka kukatwa una maji ya aina mbili. Yapo yaliyomo ndani ya mirija yake, na yapo yaliyonyonywa na kuta za mirija hiyo. Yale ya kwanza yakikauka, mbao hupungua uzito tu na umbo hubaki lilelile. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe huanza kukauka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Tena haisinyai sawasawa. Kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja, kingo zikiinuka kuelekea upande uliokuwa wa gome, hata kama siku ya kununuliwa ulikuwa umenyooka kabisa.

Kanuni ya zamani inasema mbao ianikwe kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hupangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati ya ubao na ubao, na ncha zake hupakwa rangi au nta, kwa sababu maji hukimbia upesi zaidi kupitia nchani kuliko ubavuni, na ncha inayokauka mbio ndiyo inayopasuka kwanza. Katika karakana nyingi za mitaani subira hiyo haipo. Mbao hununuliwa Jumatatu ikiwa bado nzito kwa maji, kitanda kinatakiwa Jumamosi, na malipo ya awali yameshatumika kununua mbao.

Anayetaka kujua badala ya kukisia hahitaji mtambo wa bei. Hukata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na ncha, akakipima kwenye mizani. Tuseme kina gramu 230. Hukiweka kwenye oveni yenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 na kukipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Kikiishia gramu 200, maji yaliyotoka ni gramu 30, yaani asilimia 15 ya uzito mkavu. Kwa karakana ya Dar es Salaam, mbao hiyo iko tayari. Kwa meza ya Dodoma, bado.

Kila mti una tabia yake, na tabia hizo ndizo zinazopanga bei. Mninga unasifiwa Afrika Mashariki kwa rangi yake, lakini fundi huupendea jambo jingine: husinyaa kidogo mno ukilinganishwa na miti mingi. Mkaratusi hukua haraka na kuuzwa kwa bei ya chini, ila hupinda na kupasuka ukikaushwa kwa pupa. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, una uzito unaopita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na huzama majini. Watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya hupaka nta ncha za vipande vyake na kuviacha vipumzike kwa miaka kabla ya kuvitoboa, maana ufa mmoja mwembamba huua sauti ya ala nzima.

Kuna dawa nyingine ya tatizo hili, ya zamani kuliko oveni, nayo ni kuikubali mbao ilivyo. Mlango wa paneli unatokana na wazo hilo. Fremu yake ina vipande vyembamba ambavyo havipungui sana, na paneli pana huchomekwa kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ili iweze kutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Uso wa meza nao hushikwa na skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu badala ya ya duara. Mwanafunzi akiona paneli inacheza kidogo ndani ya fremu hudhani ni kazi mbaya, akaipaka gundi. Kiangazi kinachofuata humsahihisha.

Mwaka mmoja wa kunoa

Huko Nara, Japani, liko hekalu la Horyuji, lenye majengo ya mbao yanayohesabiwa kuwa ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani. Mkuu wa mafundi wake katika karne ya 20 alikuwa Tsunekazu Nishioka, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 1995. Alipomkubali mwanafunzi wake Mitsuo Ogawa, alimwamuru kwa mwaka mzima asisome magazeti, asisikilize redio wala kutazama televisheni. Anoe tu. Maelezo marefu hayakuwepo. Siku moja mzee alipitisha randa juu ya ubao, akamwonyesha mwanafunzi randa lililotoka, jembamba na refu bila mkatiko, akamwambia liwe hivyo. Ogawa alilibandika kwenye kioo cha dirisha, akaendelea kunoa hadi yake yakafanana nalo.

Masharti hayo yanaweza kuonekana makali kupita kiasi, lakini yana sababu ya kiufundi. Chombo butu huharibu mbao kwa namna inayofanana sana na makosa mengine, na mwanafunzi hawezi kujua amekosea wapi. Mfano mzuri ni mvule. Nyuzi zake hupishana: mkanda mmoja unaelekea huku, mkanda wa pili unaelekea kule. Randa ikipita, mkanda wa kwanza hutoka laini unang’aa, wa pili hung’oka vipande vipande na kuacha vishimo. Mwanafunzi huongeza nguvu na vishimo huongezeka. Fundi mzoefu hufungua randa, hunoa upya, hupunguza kisu hadi kisionekane kwa urahisi chini ya kitako cha randa, kisha huipitisha kimshazari. Sauti ndiyo hubadilika kwanza. Mkwaruzo wenye kukatakata hugeuka kuwa mruzi mmoja mwembamba, na maranda hutoka yakiwa mazima.

Mvule una mtego mwingine. Ndani yake mara nyingi hujificha vipande vya chokaa iliyogandamana, vigumu kama jiwe, ambavyo hung’oa meno ya msumeno na kupasua makali ya patasi. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kubana kifua, sawa na la mninga. Haya hayaonekani kwenye bei ya ubao. Anayejifunza huyajua kwa kunoa patasi ileile mara ya tatu kabla ya saa sita mchana.

Mkono uliovunjika

Kosa likishatokea, swali linakuwa la kufanya nalo nini. Historia ya sanaa ya Tanzania ina jibu moja maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuwa akichonga sanamu ya mtu. Simulizi inayorudiwa sana kuhusu vinyago vya Kimakonde inasema mkono wa sanamu hiyo ulivunjika. Badala ya kuitupa, aliichonga upya kuwa kiumbe asiye binadamu kamili, mwenye viungo visivyolingana. Mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, aliipenda na kumtia moyo aendelee. Mtindo huo, unaoitwa shetani, ulisambaa duniani kutoka Tanzania na unahusishwa na jina la Samaki hadi leo.

Mfano wa pili unatoka kambini. George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alikuwa msanifu majengo aliyesoma MIT. Mwaka 1942, wakati Marekani ilipowafungia raia wake wenye asili hiyo, yeye na familia yake walipelekwa kambi ya Minidoka, Idaho. Humo alikutana na seremala Gentaro Hikogawa, aliyefunzwa kazi Japani, akajifunza kwake kwa kutumia mabaki ya mbao za ujenzi na miti ya jangwani. Walikuwa na muda mwingi na mbao mbaya. Baadaye, katika karakana yake ya New Hope, Pennsylvania, Nakashima alikuwa akinunua magogo yenye nyufa na mafundo ambayo wengine waliyakataa. Ufa aliufunga kwa kipande chenye umbo la kipepeo kilichochimbiwa kuuvuka, na akakiacha kionekane. Vipepeo hivyo sasa ndivyo wanunuzi wanavyovitafuta.

Isieleweke kwamba kila ufa ni sanaa. Kipepeo hushika kwa sababu kimekatwa kwa vipimo vya nusu milimita na nyuzi zake zinakatisha ufa. Samaki naye alikuwa na mkono uliokwishachonga vya kutosha kabla ya ule mmoja kuvunjika. Kosa huokolewa na ujuzi uliotokana na makosa mengine, mengi yakiwa yametupwa jikoni kuwa kuni.

Dawa ya juu

Wengi huamini kwamba vanishi huficha. Hufanya kinyume chake. Ubao uliopigwa msasa namba 80 kisha ukarukishwa moja kwa moja hadi 240 huonekana laini kwa macho na kwa kiganja. Ukipakwa rangi ya mbao, kila mkwaruzo wa ile 80 hunywa rangi zaidi na kujitokeza mweusi. Tone la gundi lililopanguswa kwa kidole karibu na maungio huleta kosa la pili: huziba vitundu vya mbao, na pale hubaki doa jeupe lenye alama ya kidole. Kipimo ni rahisi. Pitisha kitambaa chenye maji kabla ya kupaka chochote, weka taa pembeni karibu na usawa wa ubao, na makosa yote yatajitaja.

Paini ina ukaidi wake, hunywa rangi hapa ikaikataa pale, ikatoka na madoa. Wanaoijua hutangulia na sila, dawa ya kuziba vitundu, iliyozimuliwa sana, wakaipiga msasa kidogo, ndipo wakapaka rangi. Jambo hili halisomeki kwenye kopo. Hupatikana kwa kujaribu sila nzito, nusu kwa nusu, na nyepesi kabisa kwenye kipande kimoja cha mbao.

Pwani ina mtihani wa ziada. Laki hukauka kwa dakika chache kwa sababu tina yake huruka haraka, na inaporuka hupoza uso wa mbao. Siku ya mvua, hewa iliyojaa unyevu ikigusa uso huo uliopoa huacha maji juu yake, na laki iliyokuwa safi kama kioo hugeuka ukungu mweupe. Mwanafunzi huogopa na kuongeza mkono wa pili, akaufungia ukungu ndani. Fundi huacha. Husubiri asubuhi kavu, hupitisha tina kidogo kuilainisha laki ili maji yatoke, au hutumia tina inayokawia kuruka. Baadhi huwa hawapulizi kabisa alasiri za masika.

Haraka hii ya laki ina umri wa miaka mia moja tu. Kabla ya laki kuingia kwenye viwanda vya magari vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920, magari na mabehewa ya farasi yalipakwa vanishi ya mafuta, mkono juu ya mkono, kwa wiki kadhaa. Vanishi bora za namna hiyo zilitegemea bidhaa ya Pwani yetu, sandarusi. Utomvu huo ulioganda ardhini ulichimbwa katika mrima wa Tanganyika, ukapitia Zanzibar na kusafirishwa hadi Ulaya na Salem, Massachusetts, ambako kulikuwa na kiwanda cha kuuosha. Ulikuwa mgumu hivi kwamba ilibidi upashwe moto hadi karibu nyuzi 300 ndipo ukubali kuchanganyika na mafuta ya kitani. Watumiaji wake wakubwa walikuwa mbali, lakini mabaharia wa Pwani walikuwa na dawa zao: sifa, yaani mafuta ya samaki, kwa mbao za ubavu wa chombo, na shahamu iliyochanganywa na chokaa kwa sehemu inayozama.

Mafuta ya kitani bado yapo, na yana mafunzo mawili magumu. La kwanza ni kwamba hayakauki kwa kuruka. Hushika hewa ya oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Mpingo na jamaa zake wana kemikali za asili zinazozuia jambo hilo, hivyo mafuta yaliyopakwa juu yake yanaweza kubaki yananata kwa wiki. Wanaofahamu hutanguliza mkono mwembamba wa sheliki, utomvu wa wadudu wa India unaoyeyushwa kwa spiriti, ndipo wakapaka juu yake.

La pili ni la hatari. Mafuta hayo yanaposhika oksijeni hutoa joto. Kwenye ubao joto hupotea hewani. Kwenye matambara yaliyorundikwa hujikusanya hadi yakawaka yenyewe. Tarehe 23 Februari 1991, matambara ya aina hiyo yaliyoachwa na wapiga rangi yaliwasha moto katika jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia. Jengo lilikuwa na ghorofa 38. Liliungua kwa saa 19 na wazimamoto watatu walikufa. Matambara ya mafuta huanikwa moja moja nje au kuloweshwa kwenye ndoo ya maji, na kanuni hii haina nafasi ya majaribio.

Kuhusu siri za mabingwa, zilizochunguzwa zimegeuka kuwa za kawaida. Kwa karne mbili watu walidhani vanishi ya fidla za Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, ilikuwa na kiungo kilichopotea. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Jean-Philippe Échard wa Paris walichapisha uchunguzi wa ala zake tano. Walikuta mafuta ya kawaida ya wachoraji, utomvu wa misonobari na rangi nyekundu. Sam Maloof, seremala wa California aliyejifunza mwenyewe na kupewa tuzo ya MacArthur mwaka 1985, hakuficha kanuni yake: mafuta ya tung, mafuta ya kitani yaliyochemshwa na vanishi ya poliyurethani, vyote sawa kwa sawa, husuguliwa na kufutwa, siku baada ya siku, kisha mafuta yenye nta ya nyuki. Hakuna aliyegeuka Maloof kwa kanuni hiyo peke yake. Yeye alikuwa akipiga msasa kwa saa nyingi kabla hajafungua kopo.

Kinachobaki ni ubao wa majaribio, na karakana yoyote inaweza kuwa nao. Uwe wa mbao ileile ya kazi na umepigwa msasa hadi namba ileile. Ugawe kwa penseli sehemu nne: mafuta, sheliki, sila na laki, vanishi. Nyuma yake andika tarehe, hali ya hewa, kipimo cha tina na idadi ya mikono. Zikikauka, funika nusu kwa karatasi na uuache juani wiki chache, kwa maana mbao nyingi hubadilika rangi kwa mwanga. Kisha weka kikombe cha chai ya moto kwenye kila sehemu. Sheliki itaacha duara jeupe. Tone la spiriti litaiyeyusha. Mafuta yatahitaji kupakwa tena. Vanishi itastahimili, lakini ikija kukwaruzika ni ngumu kuitengeneza bila kurudia uso wote. Hakuna inayoshinda kwa kila jambo, na mteja mwenye watoto watatu hahitaji dawa anayoihitaji mwenye kabati la vitabu.

Basi msomaji, siku utakapoagiza kabati au meza, usiishie kuuliza bei na siku ya kuichukua. Uliza mbao imekaa muda gani tangu ipasuliwe na samani itakaa mji gani. Omba kipande cha mbao hiyo kilichopakwa dawa hiyo, uende nacho nyumbani, ukimwagie maji na ukiwekee chai. Kilipie kipande hicho, kisha mwongezee fundi wiki mbili juu ya zile alizoziomba.